Kumpima Kalungu

Misigiri,
8 Januari 2024

Mwanangu Idrissa,

Salaam nyingi zikufikie hapo Mandewa. Hujambo? Mzee Abdulmajidi na mama yako hawajambo? Sisi huku tunakwenda hivyo hivyo. Mvua ilianza vizuri, ikakatika wiki ya Krismasi, alizeti zimeota kwa mafungu mafungu. Miguu yangu bado inavimba, ila si kama mwezi uliopita.

Usishangae kuletewa barua kwa basi kama watu wa zamani. Simu yangu ndogo ipo. Lakini kila nikitaka kuongea na mtu habari za Fredrick sauti inakwama, na mtu wa upande wa pili anabaki kusema haloo, haloo. Kwenye karatasi naweza kupumzika, kisha nikaendelea. Kondakta amesema duka la baba yako analijua. Na nimesikia umerudi nyumbani toka Manyoni.

Nakuandikia kwa sababu ya simu ya marehemu. Polisi walituletea pamoja na begi lake. Kioo kimepasuka pembeni lakini inawaka, na namna ya kuifungua naijua, alikuwa akichora ile alama ya kufungulia mbele yangu kila siku. Ndani umo ule mchezo wenu wa vidude. Nimewahesabu, wako mia mbili na kumi na wanne. Shemeji yangu Nathanaeli, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, anasema kuna kijana huko Kiomboi anaitaka simu na vidude vyote, kwamba humo yumo mmoja asiyepatikana. Mimi naona macho makubwa tu na mikia. Fredrick alikuwa anakuita Hakimu. Nieleze, mnamjuaje aliye mzuri na asiye kitu? Sitaki kutoa kitu cha mwanangu bila kukijua.

Jambo jingine. Ukoo walikaa baada ya kumaliza matanga. Wanasema Fredrick hakuwa na safari yoyote Jumapili ile, na kwamba hakuna anayejua alikuwa akitafuta nini kwenye gari la kwenda Manyoni. Wanasema ni kinywa cha mkewe. Majirani walimsikia Martina asubuhi akimwambia, "Nenda, na usirudi." Na gari likapinduka mbele ya Ikungi, hakurudi. Umekula kwangu likizo mbili mlipokuwa sekondari, unajua kwetu neno kama hilo halipiti hivi hivi. Martina hajibu. Anafagia uwanja mara mbili kwa siku.

Kama una neno la kunisaidia, niandikie.

Mama yako,
Kristina


Mandewa, Singida,
17 Januari 2024

Mama Fredrick,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, kondakta aliikabidhi kwa mkono. Pole na miguu. Baba na mama wanakusalimu, na mama anasema uloweke miguu kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi. Mimi sijambo. Mazishini sikufika, mama, nilikuwa naumwa. Naomba unisamehe kwa hilo.

Kuhusu mchezo. Kila kidude kinapopatikana kinakuwa na namba tatu ndani yake: nguvu, ngozi na pumzi. Kila moja inaanzia sifuri na kuishia ishirini. Ukizijumlisha, aliyekamilika ni sitini. Namba hizo hazionyeshwi popote, na hazibadiliki hata umtunze vipi. Unachokiona ni umbo, rangi na uzito tu. Wawili wanaweza kufanana kama mayai, mmoja akawa wa hamsini na nane na mwenzake wa kumi na tisa.

Shida ni chakula. Kumkuza kidude mmoja mpaka mwisho ni kazi ya miezi mitatu au minne ya kutembea na simu mkononi. Ukimlisha asiye na kitu, miezi hiyo imekwenda. Kwa hiyo watu wanataka kujua mapema: nimfuge au nimwachie? Hapo ndipo mimi nilipopata jina. Nilitengeneza jedwali kwenye kaunta buku. Unampiganisha mara tano na kidude ambacho namba zake unazijua tayari, unaandika kila pigo limepunguza kiasi gani, kisha unarudi nyuma kwa hesabu mpaka unaifikia namba iliyofichwa. Walikuwa wananitumia toka Dodoma, toka Babati, mpaka Mwanza. Nikisema mwachie, wanamwachia. Sikuwahi kukosea.

Fredi alikuwa tofauti. Nilikuwa nikimwambia huyu ni wa ishirini na mbili, yeye anamfuga hivyo hivyo kwa sababu amempata siku ya mvua, au kwa sababu anatembea kama mwalimu wetu wa hesabu. Ndiyo maana amekusanya wengi hivyo.

Nakuomba usiitoe hiyo simu. Si kwa kijana wa Kiomboi wala kwa mtu yeyote.

Habari ya Martina imenisikitisha. Sijui niseme nini. Mungu awape subira nyote.

Mwanao,
Idrissa


Misigiri,
6 Februari 2024

Mwanangu Idrissa,

U mzima? Nashukuru kwa maji ya chumvi, yamesaidia mguu wa kulia, wa kushoto ni mkaidi. Mvua imerudi. Tumepalilia mara moja.

Nimefanya ulivyoelekeza. Imenichukua wiki mbili, na miwani ya marehemu baba yake Fredrick. Kuku mimi nachagua kwa miguu na kwa jicho, na nakosea mara nyingi. Jogoo niliyemwacha kwa mbegu mwaka juzi alikuwa mkubwa kuliko wote, akaja kuwa anakimbizwa na mitetea. Kwa hiyo jambo la kumjua mnyama kwa hesabu lilinivutia, ingawa naogopa mtu anayesema hajawahi kukosea.

Kuna mmoja Fredrick alimweka peke yake, juu ya wengine wote. Ni mdogo, wa kijivu, ana miiba kama kalunguyeye. Amemwandika jina Kalungu. Alimpata tarehe 16 Novemba, siku tatu kabla ya ajali. Nimempiganisha mara tano na yule nyani wa kijani ambaye Fredrick aliandika namba zake kwenye kalenda ya ukutani. Mapigo yote nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Nipimie huyu. Niambie ni wa ngapi.

Meseji za kwenye simu sijazifungua hata moja. Naona si haki. Nangoja anayejua jambo aniambie kwa mdomo wake.

Sasa nikupe habari mbaya. Jumamosi iliyopita Nathanaeli na wazee wawili walimrudisha Martina kwao Nduguti. Wamesema hawawezi kukaa na mtu aliyemlaani mume, na kwa kuwa miaka mitatu hawakupata mtoto, hakuna cha kumzuia. Alifunga nguo zake kwenye kanga mbili. Aliniaga kwa kupiga goti kama siku zote. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikamshika kichwa, sikusema neno. Wanawake wa kwaya waliokuwa wakija kumsaidia kuteka maji wote walikuwa wamejifungia ndani siku hiyo.

Wewe ulikuwa rafiki yake kuliko watu wote. Hakukuambia lolote juu ya safari ile?

Mama yako,
Kristina


Misigiri,
11 Machi 2024

Idrissa mwanangu,

Salaam. Natumaini uzima upo. Huenda barua yangu ya Februari ilipotea njiani, ingawa kondakta anasema aliiweka mikononi mwako na ukamsainia.

Baba yake Martina, Mzee Abraham, alikuja juzi na baiskeli kuchukua sufuria na godoro la binti yake. Nilimpikia chai, hakunywa. Alisema Martina hali vizuri, na kwamba huko nako watu wameshasikia, akipita kisimani wanawake wanawaita watoto wao ndani. Akaniuliza, "Mama Fredrick, na wewe unaamini hivyo?" Nikamwambia ukoo umeshaamua. Akafunga godoro, akaondoka.

Bado nangoja kujua Kalungu ni wa ngapi.

Mama yako,
Kristina


Mandewa,
29 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Najua kesho kutwa ni Pasaka yenu, na sisi tumo kwenye mfungo. Ningependa kukuuliza hali ya miguu na ya mvua kama inavyotakiwa, lakini nikianza hivyo nitaandika kurasa mbili na sitalisema ninalotaka kulisema. Nimeshachana barua nne.

Kalungu ni wa sitini kwa sitini. Nguvu ishirini, ngozi ishirini, pumzi ishirini. Hukukosea pigo hata moja. Nilijua hata kabla hujaniandikia, kwa sababu nilimpima mwenyewe tarehe 16 Novemba, nikiwa kwenye kaunta ya duka la mjomba Manyoni. Fredi alinitumia mapigo yake mchana. Nilifanya hesabu, nikairudia, nikaenda kunawa uso, nikaifanya mara ya tatu. Katika miaka minne sikuwahi kumwona wa sitini, si kwangu wala kwa mtu mwingine.

Jumamosi ya tarehe 25 wachezaji tulikuwa tukutane Dodoma. Nilijiona nimesimama pale na Kalungu, na watu wananizunguka. Nikamwandikia Fredi: "Ishirini na tisa. Usimlishe. Nikubadilishie na Pembe Kubwa wangu, yule uliyekuwa unamtaka." Pembe Kubwa ni mzuri wa kutazama, mama, ana moto kwenye pembe, lakini ni wa ishirini na nne. Fredi akafurahi. Alinishukuru. Alisema, "Unanihurumia, Hakimu."

Kubadilishana kwenye huu mchezo ni lazima watu wawili wakae karibu, simu kwa simu. Alisema angekuja Desemba, baada ya kupanda. Mimi nikamwambia njoo Jumapili hii, baadaye nasafiri. Akasema Martina atakasirika, maana walikuwa wamegombana juu ya simu wiki nzima. Nikamwambia, "Usimwambie. Mwambie unakwenda kutafuta kamba za mbuzi." Hayo ni maneno yangu mimi. Yamo kwenye simu uliyonayo.

Jumapili nilikaa stendi ya Manyoni tangu saa sita. Saa tisa nilikasirika. Saa kumi nikamtumia meseji kwamba yeye si mtu wa kuaminika. Nimekuwa nikiikumbuka hiyo kila siku. Jioni mjomba ndiye aliyekuja na habari ya ajali.

Sikuwa naumwa siku ya mazishi. Nilifika Misigiri. Nilishuka kwenye gari, nikaona watu wengi kwenu, nikapanda gari lililokuwa likirudi Singida.

Kwa hiyo Fredi alikuwa na safari. Aliitwa, na aliyemwita ni mimi, kwa uongo. Kinywa cha Martina hakihusiki. Barua yako ya Februari niliisoma nikaificha kwenye boksi la kava za simu, na kila mteja aliyetaka kava nilikuwa naiona. Nimefunga siku kumi na nane nikiwa na jambo hili, na sioni kama kufunga kwangu kuna maana yoyote.

Msomee Mzee Nathanaeli barua hii. Sina haki ya kuomba zaidi.

Idrissa


Misigiri,
7 Aprili 2024

Idrissa,

Nimeipata. Nimeisoma mara moja, nikaenda shamba, nikarudi nikaisoma tena.

Sitamsomea Nathanaeli. Barua nikiisoma mimi, watasema nimeiandika mimi, au nimetafuta kijana wa mjini anisaidie kumrudisha mkwe. Martina alihukumiwa mbele ya watu ishirini na wawili, uwanjani kwangu, mchana. Wewe njoo uyaseme hapo hapo, kwa watu hao hao. Nimewaomba wakae Jumamosi tarehe 27. Nimemwita na Mzee Abraham toka Nduguti. Sikuwaambia ni kwa ajili gani.

Simu sitaitoa kwa mtu. Nimemwambia Nathanaeli amjibu yule kijana wa Kiomboi kwamba hapana.

Ule chakula kwanza kabla ya safari. Eid njema ikifika.

Kristina


Mandewa,
20 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri hapa, Eid ilipita salama.

Nimemweleza baba yote. Ilikuwa mara ya kwanza kuniona nalia tangu nikiwa darasa la nne. Alikwenda kuswali alasiri, aliporudi akasema nisiende. Anasema mtoto wa watu amekufa, mimi nakwenda mwenyewe kusema ni mimi niliyemwita, kwa ukoo wenye hasira, mahali nisipo na ndugu. Anaweza kumtuma mzee wa msikiti na mtu mmoja wa mtaa waje wazungumze kwa heshima. Anasema mambo makubwa huenda kwa wazee, hayaendi kwa vijana.

Mama anasema niende. Hawajaongea vizuri tangu siku hiyo.

Mimi naogopa. Siogopi kupigwa sana. Naogopa kuliona kaburi, na kumwona Mzee Abraham. Naogopa mtu atauliza, "Kwa ajili ya kitu gani hasa?" na mimi itanibidi nijibu kwamba ni kwa ajili ya picha ya mnyama kwenye simu. Nikijaribu kulisema kwa sauti, peke yangu stoo, naona aibu ya kuendelea kuishi.

Wewe mwenyewe unanionaje? Ungekuwa unanipima, ungeniambia nini?

Sijui kama nitafika. Sitaki kukudanganya tena, kwa hiyo naandika hivyo hivyo: sijui.

Idrissa


Misigiri,
26 Mei 2024

Mwanangu Idrissa,

Salaam kwako, na kwa baba yako, na kwa mama yako aliyekwambia uje. Mko wazima? Mimi miguu imetulia tangu kiangazi kianze. Tumeanza kuvuna. Alizeti za bondeni zina vichwa vizito, za juu hazikupata mvua ya kutosha.

Ulikuja. Nilikuwa nimekaa nikitazama barabara tangu saa mbili, na magari matatu yalisimama bila wewe, nikaanza kutafuta maneno ya kuwaambia wale watu. Kisha nikakuona unavuka na ule mfuko wa sukari mkononi, nyuma yako baba yako na kofia yake. Sikujua kama angekubali.

Sikukushukuru siku ile, kwa hiyo nakushukuru leo. Ulikataa kiti. Nathanaeli alikukatiza mara mbili, na mara zote ulirudi pale pale ulipoachia. Alipokuuliza kwa ajili ya kitu gani, ulijibu. Wengine walicheka, nadhani ulisikia. Lakini uliposema kwamba ni wewe uliyemfundisha amdanganye mkewe, kicheko kilikwisha. Mzee Abraham alivua kofia akaiweka gotini, na hakuivaa tena mpaka anaondoka.

Mliondoka na gari la saa nane. Mengine hukuyaona, nami nataka nikueleze, maana tangu hapo umenitumia salaam mbili za kunishukuru, na kila moja imenichoma.

Mlipoondoka Nathanaeli alisema, basi, neno la yule mwanamke tulilitwika mzigo usio wake, watafutwe watu wa kwenda kumchukua. Wakasema na mimi niende, kwa kuwa ndimi niliyeonewa zaidi. Waliniita hivyo, niliyeonewa. Wakaanza kunipa pole. Hapo nikasimama.

Idrissa, nilijua. Fredrick aliniaga asubuhi ile. Alikuja nikiwa nawamwagia kuku maji, begi lake limeshafungwa, hata hajagombana na mtu bado. Alisema, "Mama, nakwenda Manyoni kwa Idi, jioni nitarudi. Ukiona si vizuri, siendi." Siku hiyo nilikuwa na kinyongo na Martina kwa neno dogo la juzi yake, neno la maharage kuungua, naona haya hata kuliandika. Nikamwambia, "Nenda mwanangu, ukapumzike na kelele za huyo mwanamke wako." Ndiyo ruhusa niliyompa.

Ukoo walipokaa mara ya kwanza wakasema hakuwa na safari, nilikuwa na neno moja tu la kusema na Martina asingefunga nguo zake. Sikulisema. Kama si kinywa cha Martina, basi kilikuwa kinywa changu, mimi niliyeombwa nimzuie. Nikaona ni nafuu awe yeye. Nilipokuandikia Januari nilijua alikuwa anakuja kwako. Sikujua uongo wako, hilo nilikuwa silijui, lakini nilijua alikokuwa akienda, na nilitaka uliseme wewe ili mimi nisilazimike. Nilikuita kwa ukali uje usimame mbele za watu, na mimi nimekaa kwenye mkeka nimejifunika kanga.

Haya niliyasema pale uwanjani, nimesimama. Nathanaeli aliinuka akaenda kwake bila kufunga kikao. Mpaka leo hajanisalimia. Ni haki yake.

Jumatano ya tarehe 8 nikaenda Nduguti peke yangu. Nilishuka Iguguno, nikapanda gari la kule, nikafika jua likiwa kichwani. Martina alikuwa uwanjani anapiga alizeti kwa fimbo. Amekonda. Nilimwambia, "Martina, nina neno." Akasema, "Kaa, mama," akanitandikia gunia, akaendelea kupiga. Nikamweleza yote, toka maji ya kuku mpaka mwisho. Nilipomaliza alikuwa ameacha kupiga lakini bado ameshika fimbo.

Akasema, "Najua."

Nikamwuliza anajua nini.

"Nilikuwa jikoni. Nilimsikia akikuaga. Mimi usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ameniambia anakwenda kutafuta kamba za mbuzi, halafu asubuhi nasikia wewe anakuambia ukweli. Ndiyo maana nilisema lile neno."

Nikamwuliza, "Mbona kwenye kikao hukusema?"

"Ningesema nini, mama? Kwamba mama wa marehemu anaficha jambo? Nani angenisikia? Nilikuwa nakutazama wewe. Walipoanza, nikasema moyoni, atainuka sasa hivi. Alipoongea Nathanaeli, nikasema, akimaliza huyu atainuka. Nilikutazama mpaka walipofunga kwa sala. Na siku ya kuondoka, uliponishika kichwa, nikasema, sasa."

Nikamwuliza kama wewe amekusamehe. Akasema, "Yule kijana nilimsamehe siku baba aliponiletea habari kwamba amekuja akasimama. Sikuwa namtegemea kwa lolote. Wewe nilikuwa nakuita mama."

Nilimwomba turudi wote Misigiri. Akasema hapana, si kwa hasira, kama mtu anayekataa chakula kwa sababu ameshiba. Alinipikia ugali na mlenda, akaninawisha mikono. Akanisindikiza mpaka kwenye gari, kikapu changu kichwani mwake, kama alivyokuwa akifanya tukitoka gulioni. Gari lilipowashwa akanipa kikapu kupitia dirishani, akasema, "Usije tena mpaka nikuite."

Uliniuliza ningekupima vipi. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na mkono safi wa kushikia mizani. Hata leo sina. Nakwambia tu kwamba wewe ulisema ukiwa na miaka ishirini na sita, na mimi nina sitini na moja. Usinijibu kwa kunifariji, tafadhali. Niandikie habari za duka na za wazazi wako.

Leo ni siku ya kumi na nane tangu nirudi. Sijaitwa.

Mama yako,
Kristina